Ukienda Kumwona Fundi wa Ukulele, Kaa Karibu na Mkono Wake

Ukulele ni chombo cha kubeba kwapani. Ina nyuzi nne tu, na katika ile ndogo kabisa, soprano, sehemu ya uzi inayopigwa haizidi sana sentimeta 35. Sauti yake husafiri mita chache, kisha humezwa na chochote kilichopo: jenereta nyuma ya ukumbi, mvua juu ya bati, pikipiki inayopanda mlima, mtoto anayelilia maandazi. Mtu anayekwenda kumwona mpigaji stadi wa chombo hiki kwa maandalizi yaleyale ya rumba yenye sono za kutikisa kuta, atarudi nyumbani akilalamika kwamba hakuona kitu, na hatakuwa mwongo.

Nawaandikia ndugu zangu wa Butembo na Beni ambao huenda siku moja wakaambiwa kwamba mtu wa namna hiyo atapiga kwenye ukumbi wa paruasi au shuleni, na wale walio tayari kumfuata hata ng'ambo ya mpaka. Ushauri wangu wote unatoka kwenye jambo moja: ufundi wa chombo kidogo unakaa mkononi, na mkono hauonekani kutoka mlangoni. Nafasi ya kukaa, saa ya kufika, fedha, simu, watoto, vyote vipangwe kufuata hilo.

Wengi wamemjua fundi wa ukulele kupitia simu. Mwaka 2006 video ya Jake Shimabukuro, mwenyeji wa Honolulu, ilizunguka dunia wakati YouTube bado ni changa. Amekaa katika bustani ya Central Park jijini New York, anapiga wimbo wa George Harrison kwa nyuzi nne, na anayetazama anajiuliza hizo sauti nyingine zinatoka wapi. Waliokiona kipande hicho hudhani wameshamwona mtu huyo. Wameona alichochagua mshika kamera, na spika ya simu imewasawazishia kila kitu, hivi kwamba mguso wa kunyata na pigo la nguvu vimetoka kwa ukubwa mmoja. Sehemu kubwa ya ustadi wa ukulele iko katika tofauti ya hivyo viwili.

Chombo chenyewe kina safari ndefu. Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa imebeba watu wa kisiwa cha Madeira, Ureno, waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Walikuja na kigitaa chao kidogo cha nyumbani. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, ambao baada ya kumaliza mikataba yao waliingia katika kazi ya kutengeneza vyombo, na kutoka mikononi mwao ukulele ikapata umbo tunalolijua. Familia ya Kamaka ya Honolulu inaitengeneza tangu 1916. Kwa hiyo ni chombo cha wafanyakazi wa mashamba, hakikuzaliwa ikulu, na mtoto wa Butembo anayetengeneza gitare kwa bidoni la mafuta, ubao wa sanduku na waya za breki ya baiskeli yuko karibu nacho kuliko anavyodhani.

Nasema hivyo kwa sababu nimesikia watu wazima wakiidharau ukulele kwamba ni mchezo wa watoto. Franco Luambo, aliyezaliwa Sona Bata mwaka 1938 na kuja kuwa mkubwa wa gitaa la Kongo nzima, alianzia kwenye gitaa la kopo lenye nyuzi za waya wa umeme. Roger Landu wa kundi la Staff Benda Bilili la Kinshasa alipiga satonge, chombo cha uzi mmoja alichokibuni mwenyewe kwa mkebe, kijiti kilichopindwa na waya, na kwa uzi huo mmoja alisikika Ulaya kote baada ya albamu yao ya 2009 na filamu iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2010. Uzi mmoja! Anayesema nyuzi nne hazitoshi aanze kwanza kubishana na huyo.

Sasa mkono. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi, alimkuta Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, kijana mmoja karani akipiga gitaa kavu barabarani. Kijana huyo alikuwa Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, na wimbo wake "Masanga" ulienea kwenye sahani hadi Nairobi na mbali zaidi. Waliosikia sahani hiyo walidhani ni magitaa mawili. Wataalamu walikaa nayo miaka. David Rycroft aliandika upigaji wa Mwenda kwa noti, noti baada ya noti, akitegemea sikio, na kazi yake ikachapishwa katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini noti zinakuambia sauti gani ilitoka. Hazikuambii ni kidole gani kilichoitoa. Ndiyo maana mpiga gitaa Mwingereza, John Low, alifunga safari mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kukaa mbele ya Mwenda na wenzake na kutazama. Mwenda alikuwa akipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu. Vidole viwili, na watu walihesabu magitaa mawili.

Mtaalamu mwingine, Gerhard Kubik wa Austria, alilifikisha jambo hili mwisho wake. Alipotaka kuelewa marimba ya kaskazini mwa Msumbiji hakutegemea masikio; aliwapiga wapigaji filamu bila sauti, kisha akaisoma fremu kwa fremu na kuandika ni ubao gani uligongwa na mkono upi, na wakati gani. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1965. Mtu wa chuo kikuu aliyezima sauti ili aelewe muziki: hilo peke yake linatosha kukufanya ugombee kiti cha mbele.

Basi, ukiisha kukaa, utazame nini? Anza na gumba la mkono unaopiga. Nyuzi za ukulele kwa kawaida hulinganishwa sol, do, mi, la, na wanakwaya wetu waliozoea kuimba kwa do re mi hawatapata taabu hapa. Ajabu ni kwamba ile sol, uzi wa nne ulio karibu na kidevu cha mpigaji, kwa kawaida iko juu. Kwenye gitaa, gumba likishuka kwenye uzi huo linakutana na besi. Kwenye ukulele linakutana na sauti nyembamba, na uzi wa chini kuliko wote ni wa tatu, ule wa do. Mwanafunzi huona hiyo ni kasoro. Fundi huigeuza kuwa mali: anagawa tuni moja kati ya gumba na kidole cha shahada, noti moja uzi wa kwanza, inayofuata uzi wa nne, hivi kwamba kila noti inaendelea kulia wakati mwenzake anaingia. Masikio yanasikia kengele. Macho yanaona vidole viwili vinavyopokezana bila haraka. Usipoona kupokezana huko, utatoka ukisema tu kwamba jamaa ana vidole vyepesi.

Halafu uhamie mkono wa shingoni, na hapa utazame zaidi kuachia kuliko kubana. Kubana uzi kila mtu anajifunza kwa mwezi mmoja. Kuinua kidole wakati noti imefika mwisho wake, kuufyeka mtetemo kwa ubavu wa kiganja ili pawe na kimya kabla ya pigo linalofuata, hiyo ni kazi ya miaka. Chombo hiki hakishiki sauti muda mrefu. Uzi ukiguswa, sauti imeshaanza kufa. Mpigaji wa kawaida huficha kifo hicho kwa kupapasa nyuzi zote bila kupumzika. Stadi huacha mwanya, na ukumbi mzima unajikuta umeinamisha shingo mbele.

Kasi usiipe alama nyingi. Watu wetu hupiga makofi kwa kasi, na wapigaji wanajua, wanatupa tunachotaka. Kipimo changu ni wimbo wa polepole: je, tuni inasikika juu ya akodi zake, au vyote vimechanganyika? Je, akipiga kwa sauti ya chini kabisa, mapigo yanabaki mahali pake? Akipita hapo, hata kama hakukimbia usiku kucha, umemwona mtu. Yule asiyejua kupiga polepole ni mwanariadha, na nampongeza kwa mazoezi.

Sasa mahali pa kukaa. Kama mpigaji anatumia mkono wa kulia, shingo ya chombo itaelekea upande wake wa kushoto, na wewe unayemkabili utaiona upande wako wa kulia. Kiti kizuri kiko upande wako wa kushoto kidogo, safu ya kwanza hadi ya tatu, kwa sababu kutoka hapo unauona mkono unaopiga bila kufichwa na kiwiliwili cha chombo. Karibu sana katikati utakutana na kibao cha noti au mguu wa mikro. Nyuma kabisa utakutana na migongo. Ukiona viti vya mbele vimewekewa vitambaa kwa ajili ya wakubwa, usikate tamaa wala usigombane. Safu ya pembeni kwa kawaida haimvutii mkubwa yeyote, nayo ndiyo nzuri zaidi.

Kabla ya kukaa, sikiliza jenereta iko wapi. Katika kumbi zetu nyingi imewekwa nyuma ya ukuta mmoja, na upande huo wa ukumbi umekufa kwa chombo kidogo, hata wakikipa mikro. Mtu wa sono akisikia jenereta atapandisha sauti, ikipanda itapiga mbinja, akishusha hamtasikia, na hivyo ndivyo jioni nzima inavyokwisha. Kama una neno na waandaaji, waombe wasogeze jenereta mbali kadiri waya unavyoruhusu, au, kwa ukumbi wa watu wasiozidi 80 hivi, wazime kila kitu na wafungue madirisha. Ukulele bila mikro katika chumba kimya ina uzuri ambao mashine haiupati.

Mvua ni adui mwingine, na kwetu haijifichi. Bati likianza kupigwa, hakuna fundi duniani atakayeshindana nalo. Mvua zetu hupenda alasiri, hasa miezi ya Machi hadi Mei na ile ya Agosti hadi Novemba, kwa hiyo onyesho la saa nne asubuhi ni salama kuliko la saa tisa alasiri, mradi lisigongane na salongo wala na misa. Mvua ikinyesha hata hivyo, subiri. Usiondoke. Mpigaji mwenye adabu naye atasubiri, na mara nyingi katika kusubiri huko hukaa ukingoni mwa jukwaa akichezea nyuzi kwa ajili ya nafsi yake; walio karibu watapata darasa ambalo halikuwa kwenye tangazo.

Kuna jambo la hali ya hewa ambalo watu hawalifikirii. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi zake zinahitaji sweta. Beni iko chini zaidi, ina joto na unyevu. Nyuzi za nailoni zikisafirishwa kati ya miji hii miwili zinalegea na kukaza zenyewe, na mbao nazo zinahangaika. Kwa hiyo mpigaji aliyefika asubuhi kutoka mji mmoja na kupanda jukwaani mji wa pili mchana atalinganisha nyuzi zake tena na tena kati ya nyimbo. Watu wa nyuma huanza kunung'unika kwamba hajui kazi. Nimesikia hata mshereheshaji akijaza nafasi hiyo kwa vichekesho kwenye mikro, jambo baya kuliko yote, maana mtu anatafuta sauti na wewe unamwagia kelele. Mama akionja sombe kabla ya kupakua hakuna anayemwambia hajui kupika. Nyamaza tu, atamaliza.

Kuhusu njia sitazunguka. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54, kupitia Maboya na Kabasha, na kila mmoja wetu anajua kwa nini hatuzihesabu kilomita hizo kwa urefu peke yake. Tangu Mei 2021 mkoa uko chini ya utawala wa kijeshi, saa za kufunga zinabadilika, na vizuizi vinaongezeka au kupungua kufuatana na habari za wiki. Kwa onyesho la mji wa pili panga kulala kwa ndugu; usipange kurudi usiku. Mwulize dereva wa siku hiyohiyo, usimwulize aliyepita juzi. Na kama habari za njia si nzuri, baki. Hakuna mpigaji, hata awe amefundishwa na Shimabukuro mwenyewe, anayestahili roho ya mtu.

Fedha. Kiingilio uwe nacho mkononi, katika noti nzima, kwa sababu dola yenye mchaniko wa ukucha itakataliwa mlangoni na utakosa wimbo wa kwanza ukitafuta mbadala. Lakini shida kubwa ya fedha iko ndani ya ukumbi. Tumezoea kutunza: wimbo ukikolea, mtu anainuka, anacheza hadi mbele, anambandika mpigaji noti kipajini au anaisokota mfukoni mwake. Kwa mwimbaji wa rumba hiyo ni heshima na bendi haisimami. Kwa mtu wa ukulele, peke yake, vidole vyote vikiwa kazini, noti ya franga mia tano machoni ni ajali. Tunza baada ya wimbo. Weka kwenye kikapu, au kwenye mfuko wa chombo ulioachwa wazi, au mpe yule aliyekuja naye. Mzee wa heshima anayetaka ajulikane kwamba ametoa anaweza kutangazwa mwishoni, kila mtu aridhike.

Mikono ya mpigaji pia si ya kubana kwa nguvu baada ya onyesho, kwa salamu ile ya kutikisa hadi begani. Wakati wa Ebola, kutoka Agosti 2018 ilipotangazwa Mangina hadi Juni 2020 ilipokwisha, tulijifunza sote kusalimiana kwa kiwiko. Wapiga nyuzi, nadhani, wasingelalamika kama desturi hiyo ingebaki kwa ajili yao tu.

Simu isizimwe kabisa, na hapa natofautiana na wale wanaotaka ukumbi usio na simu hata moja. Kubik alituonyesha faida ya picha ya mkono. Omba ruhusa kabla ya onyesho. Ukipewa, rekodi wimbo mmoja, simu ikiwa imelala kwa upana, bila taa, kutoka ule upande wa kushoto niliousema, ukielekeza kwenye vidole. Uso wake mwachie mpiga picha wa harusi. Ukirudi nyumbani utaitazama polepole mara nyingi na utaona yaliyokupita. Kisha weka simu mfukoni na utazame kwa macho yako. Anayerekodi onyesho zima ameinua mkono mbele ya watu wa nyuma kwa saa nzima, na mwishowe hakuona yeye wala hawakuona wao.

Mlete kijana. Hili nalitilia mkazo kuliko yote niliyosema. Kwaya za kanisa la Kibaptisti la CBCA na za paruasi za Kikatoliki zina vijana wanaopiga gitaa kila wiki na ambao hawajawahi kukaa mita mbili kutoka kwa mtu aliyewazidi kwa mbali. Mwanakwaya mmoja wa namna hiyo, akiwekwa mahali pazuri, anafaa kuliko wageni kumi waliokuja kupiga picha za mlangoni. Mwambie aje na chombo chake, hata kama ni kile cha bidoni, na mfundishe maswali kabla. Swali la "umeanza lini kupiga?" halimfai kitu. Aulize: unapiga kwa kucha au kwa nyama ya kidole? Unaanza kujifunza kipande kigumu kwa mwendo gani? Unaweza kunirudishia sehemu ile polepole? Hili la mwisho ni dhahabu, na wapigaji wengi hulipenda, kwa kuwa linaonyesha muulizaji alikuwa akitazama.

Asiombe kushika chombo cha mwenye nacho. Amwonyeshe chake. Nina imani kwamba fundi wa kweli akipewa gitare la bidoni atalishika, atalipapasa, atatafuta lina sauti ipi na halina ipi, na baada ya dakika mbili atatoa kitu ndani yake. Kijana akiona chombo chake mwenyewe kinaimba, visingizio vyake vyote kuhusu ubora wa vyombo vinakwisha siku hiyo.

Na kama fundi wa ukulele haji? Ukweli ni kwamba hawaji mara nyingi. Basi macho yazoezwe hapa hapa. Wapiga solo wa kwaya zetu, wale wanaokaa nyuma ya waimbaji, wanastahili kutazamwa mikono yao kwa makini yaleyale. Kuna pia vyombo vya nyuzi vya wazee wa Kinande, enanga na nzenze, ile zeze ya fimbo, ambavyo kadiri wazee wanavyoondoka ndivyo inavyokuwa vigumu kumpata wa kuvipiga. Ukisikia yuko mmoja kwenye milima ya Lubero au pande za Rwenzori, usingoje sherehe, mwendee na sukari na sabuni, ukae mbele yake. Ng'ambo ya Rwenzori, Kasese, ndugu zetu Wakonzo wanavyo vyombo hivyohivyo pamoja na filimbi ya nyamulere na endara, marimba makubwa ambayo wapigaji kadhaa huyazunguka pamoja.

Anayevuka Kasindi, kilomita kama 80 kutoka Beni, akumbuke kusogeza saa yake: Uganda iko mbele yetu kwa saa moja, na onyesho la saa kumi jioni kwao ni saa tisa kwetu. Kampala, ambako wafanyabiashara wetu wanakwenda kila wiki kwa bidhaa, kuna Ndere Centre ya kundi lililoanzishwa na Stephen Rwangyezi mwaka 1984. Hapo unaweza kumwona kwa karibu mpigaji wa adungu, kinubi cha Waalur, ambao wako pia kwetu Mahagi. Changanya safari ya mzigo na jioni moja ya hapo. Zanzibar ina tamasha la Sauti za Busara, la mwezi wa Februari, lililoanza 2004, ila umbali huo ni wa mwenye shughuli nyingine huko. Tamasha la Amani la Goma, lililoanza 2014, lilikuwa jirani yetu, lakini tangu mji ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025 sitamshauri mtu kushika njia hiyo kwa ajili ya muziki.

Neno langu la mwisho ni kwa mapadre, wachungaji, wakuu wa shule na kamati za vijana wenye kumbi. Mkimpata mtu wa nyuzi, wa ukulele au wa nzenze, mpangieni asubuhi, wekeni viti nusu duara badala ya safu ndefu, watoto wakae chini mbele kabisa, na malipo yake mmpe kabla hajafungua mfuko wa chombo.